AC ya haibridi haitoi baridi: tafuta kosa kwanza, gesi iwe ya mwisho

Mwenye gari la haibridi akiona AC imepungua baridi, safari yake ya kwanza karibu kila mara ni ya kwenda kujaza gesi. Baridi ikirudi, inakaa siku chache na kupotea tena. Isiporudi, anaambiwa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa, na kompresa ya umeme si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Ninafanya kazi ya umeme wa magari Nyakato, Mwanza, na ninapokea Aqua, Prius na Fielder zilizopitia njia hiyo hiyo, nyingine zikiwa zimejazwa gesi mara tatu bila mtu yeyote kupima chochote. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe kila siku.

Jambo moja lieleweke kabla ya kufungua boneti. Katika gari la kawaida, kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, na klachi yake inasikika ikigonga inapowaka. Katika Prius kuanzia toleo la 2003, na katika Aqua, kompresa ina mota yake ndani na inatumia umeme wa betri kubwa, ambayo ni ya karibu volti 200 kwenye Prius hizo na volti 144 kwenye Aqua za toleo la kwanza. Hakuna mkanda wala klachi. Kompyuta ndiyo inayoamua kompresa izunguke au isizunguke, na kabla ya kuamua inaangalia chaji ya betri kubwa, presha ya gesi, joto la nje na joto la evaporeta, kile kifaa cha ndani ya dashibodi kinachopooza hewa. Jibu moja likiwa baya, kompresa inasimama ingawa yenyewe ni nzima kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapotupa hela zao.

Ukikuta mkanda kwenye kompresa, kama ilivyo kwenye Honda Fit haibridi za mwanzo, hatua nyingi za hapa bado zitakufaa, lakini yanayohusu mota ya kompresa na oili maalumu hayakuhusu. Onyo la nyaya za rangi ya chungwa bado linakuhusu.

Onyo ambalo halina msamaha

Nyaya nene za rangi ya chungwa zimebeba umeme unaoua. Usizichomoe, usizikate, usizitoboe kwa ncha ya multimita, na usijaribu kuipelekea kompresa umeme wa moja kwa moja kutoka betri ndogo ya volti 12 kama wanavyofanya mafundi kwenye klachi za magari ya kawaida. Hatua zote zilizo hapa zinafanyika bila kugusa nyaya hizo. Kazi ikifika kwenye kompresa yenyewe, fundi anayejua haibridi atazima gari, atachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kubaki nayo mfukoni, atasubiri angalau dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kubwa uweze kuzungusha mota) uishe, kisha atapima kuthibitisha kwamba volti ni sifuri huku amevaa glavu za kuzuia umeme za volti 1,000. Fundi asiyekuwa na glavu hizo asiruhusiwe kufika hapo, hata kama ni ndugu yako.

Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya kawaida, kwa ajili ya betri ndogo na sensa tu.
- Kipimajoto chenye ncha nyembamba inayoingia kwenye tundu la hewa la dashibodi.
- Skana inayosoma kompyuta ya haibridi na kompyuta ya AC. Skana ndogo za bei nafuu zinazosoma injini peke yake zitakuambia gari halina kosa, na hapo utapotea.
- Geji mbili za gesi ya R-134a zenye mipira ambayo haijawahi kupitisha oili ya magari ya kawaida. Sababu yake iko kwenye hatua ya 7.
- Brashi laini, tochi, maji ya bomba yasiyo na presha kubwa, na sabuni ya maji.
- Miwani ya kukinga macho na glavu za ngozi au mpira. Gesi ikitoka kwa nguvu inagandisha ngozi na jicho.
- Daftari na kalamu.

Kama huna geji, fanya hatua tano za mwanzo. Magari mengi yanapona hapo.

## Hatua ya 1: Andika AC inakataa wakati gani

Usianze na "AC haifanyi kazi", kwa sababu maneno hayo hayamsaidii fundi. Endesha gari nusu saa, ukiwa na daftari pembeni, na uandike baridi inapotea wapi na inarudi wapi. Kwa mfano, toka Buzuruga upite Mabatini kwenye foleni hadi mjini, kisha rudi kwa barabara ya Usagara ambako gari linakwenda bila kusimama.

Baridi ikiwepo gari linapokimbia na kupotea kwenye foleni, mashaka yako yaelekee kwenye feni za mbele na kondensa (ile kama rejeta iliyo mbele ya gari, inayotoa joto la gesi), kwa sababu gari likikimbia upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Baridi ikiwa nzuri kwa robo saa, kisha hewa yenyewe ikapungua nguvu kana kwamba mtu ameziba matundu, evaporeta imeganda barafu, na mara nyingi chanzo ni gesi pungufu au sensa ya evaporeta. Upande mmoja ukitoa baridi na mwingine joto, anza na vile vibao vya ndani ya dashibodi vinavyochanganya hewa, ingawa gesi pungufu nayo inaweza kuleta dalili hiyo.

Halafu kuna dalili ya nne, ambayo ni ya haibridi peke yake: AC inakatika na kurudi kulingana na vijiti vya chaji ya betri kubwa kwenye skrini. Vikishuka hadi kimoja au viwili, gari linainyima kompresa umeme ili libaki na nguvu ya kuwasha injini. Ukiona mwendo huo, andika kwa herufi kubwa, kwa sababu unakuambia kwamba ugonjwa haupo kwenye AC.

Utajua umefaulu ukiweza kueleza dalili kwa sentensi moja yenye mahali, muda na hali ya betri.

## Hatua ya 2: Mambo ya dakika tano

Hakikisha taa ya READY imewaka. Gari likiwashwa bila READY, feni ya ndani inapuliza na redio inaimba, lakini kompresa haipati umeme. Kisha zima ECO, ile hali ya kubana mafuta, kwa sababu inapunguza nguvu ya AC makusudi.

Kwenye foleni, acha gia kwenye D huku umekanyaga breki, au weka P. Madereva wengi wanaweka N. Kwenye Toyota za haibridi, gari likiwa N injini haiwezi kuchaji betri kubwa, huku AC ikiendelea kuila. Baada ya muda AC inakatika na dereva anadhani imeharibika.

Tazama joto la nje linaloandikwa kwenye dashibodi. Ikiwa ni mchana wa Mwanza, wenye nyuzijoto 28, na dashibodi inaandika namba ya chini ya sifuri au vistari vitupu, umeshapata kosa. Sensa ya joto la nje inakaa nyuma ya bampa la mbele, na ikichomoka baada ya gari kugongwa kidogo au kuoshwa kwa nguvu, kompyuta inaamini nje kuna baridi kali na kukataa kuwasha kompresa. Chomoa soketi yake, pima ukinzani wa sensa kwa multimita, kisha ishike kiganjani: sensa nzima ukinzani wake unashuka kadiri inavyopata joto. Isiposhuka, imekufa. Nakumbuka Aqua iliyonijia na risiti mbili za gesi wakati tatizo lilikuwa soketi hiyo ikining'inia chini ya bampa.

Pima betri ndogo gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni nzima, na ikikaribia 12.0 ni dhaifu. Betri ndogo ikiwa dhaifu, kompyuta zinakosa mawasiliano na kuandika makosa ya uongo ambayo yatakusumbua kwenye hatua inayofuata.

Mwisho, toa kichujio cha hewa ya ndani, ambacho kwenye magari haya kipo nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Kikiwa cheusi na kizito, badilisha.

## Hatua ya 3: Soma kompyuta kabla ya kufuta chochote

Unganisha skana, soma makosa yote, yapige picha au yaandike. Usifute. Makosa yakifutwa, taarifa za hali ya gari wakati kosa lilipotokea zinapotea pamoja nayo, na fundi wa pili anabaki kukisia.

Namba za Toyota ambazo utazikuta mara nyingi ni hizi. B1412 ni sensa ya joto la nje. B1413 ni sensa ya evaporeta. B1423 ni mzunguko wa sensa ya presha ya gesi, na inaweza kuja kwa sababu ya gesi kwisha, sensa kufa, au presha kupanda kupita kiasi. B1471 inahusu umeme mkubwa unaoingia kwenye inveta ya AC. Upande wa haibridi, P0A80 inakuambia betri kubwa imechoka, P0A93 inahusu upoozaji wa inveta, na P0AA6 inasema umeme mkubwa unavujia kwenye bodi ya gari. P0AA6 ikiambatana na namba ndogo 611, uvujaji huo uko upande wa AC. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Sasa fungua data zinazotembea, washa AC kwenye baridi ya mwisho, na utafute mistari miwili: kasi ya kompresa inayotakiwa na kasi halisi ya kompresa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye thamani kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu namba hizo mbili zinaigawa kazi nzima.

Kasi inayotakiwa ikiwa sifuri, kompyuta yenyewe imekataa. Kompresa haijaombwa kufanya kazi, hivyo hakuna sababu ya kuituhumu. Tafuta sababu ya katazo: presha ya gesi iliyo chini mno, sensa iliyokufa, chaji ndogo ya betri kubwa, au betri kubwa yenye joto.

Kasi inayotakiwa ikiwa na namba, lakini halisi ikabaki sifuri, amri imetoka na haikutekelezwa. Hapo ndipo kompresa, inveta yake au nyaya zake zinapoingia kwenye mashaka, na hapo ndipo wewe unapoacha na mwenye glavu anapoanza.

Kasi zote mbili zikilingana na bado hakuna baridi, kompresa inazunguka. Tatizo ni gesi, kondensa, feni, valvu ya kupanua gesi, au kile kibao cha ndani ya dashibodi. Gusa kwa uangalifu bomba nene la AC linaloingia ndani ya gari. Likiwa baridi na linatoa jasho wakati matundu yanapuliza hewa ya joto, baridi imetengenezwa lakini haikufikishwa, na kosa liko kwenye kibao.

Utajua umefaulu ukiweza kusema gari lako liko kwenye kundi gani kati ya hayo matatu.

## Hatua ya 4: Kondensa, na wadudu wetu wa ziwani

Miongozo ya nchi nyingine inapita hatua hii kwa mstari mmoja. Sisi wa kando ya ziwa hatuwezi.

Kila anayeishi Mwanza ameona mawingu ya wadudu wadogo yakisimama juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama. Upepo ukiyasukuma nchi kavu, anayeendesha alfajiri barabara ya Igombe au Kirumba anapita katikati yake, na wanaoegesha usiku chini ya taa wanayakuta asubuhi yamelala juu ya boneti. Wadudu hao wanaingia kwenye shoo ya mbele na kunasa kwenye mapezi ya kondensa. Siku ya kwanza ni wakavu na wanapulizika. Wakishachanganyika na vumbi na kunyeshewa mara moja, wanakuwa kitu kama blanketi la kijivu linalonuka samaki, ambalo hewa haipenyi.

Kondensa isiyopenya hewa haiwezi kutoa joto. Presha inapanda, kompyuta inapunguza kasi ya kompresa ili kuilinda, na baridi inapungua. Mtu akiongeza gesi hapo, presha inapanda zaidi na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Hii ndiyo sababu gesi ya mara ya pili na ya tatu haisaidii.

Mwaka jana nilipokea Prius ya mama mmoja wa Buswelu iliyoandikiwa kompresa mpya. Kwa mbele kondensa ilionekana safi, kwa kuwa waosha magari walikuwa wameipiga maji kupitia kwenye shoo. Nilipotoa plastiki ya juu na kumulika tochi kwenye nafasi kati ya kondensa na rejeta, kila kitu kilikuwa kimelala huko: unene wa kidole, mabawa ya wadudu, nyuzi za viroba, na jani la mwembe lililogeuka wavu. Maji ya presha yalikuwa yamesukuma uchafu nyuma, yakauacha hapo. Tulifanya kazi ya usafi saa mbili, na kompresa ile ile iliyohukumiwa inatoa baridi hadi leo.

Safisha hivi:

1. Zima gari kabisa, acha mbele ipoe. Feni zinaweza kuwaka zenyewe gari likiwa READY, na vidole havioti tena.

2. Toa plastiki inayofunika juu ya rejeta. Vibano vyake vinavunjika kirahisi, hivyo inua kitovu cha katikati kwanza.

3. Mulika pande zote mbili za kondensa. Uso wa mbele ukiwa safi, bado hujaona lolote.

4. Piga brashi laini kwa kufuata mwelekeo wa mapezi. Ukipiga kwa kukatisha, unayalaza, na pezi lililolala linaziba sawasawa na uchafu.

5. Lowesha kwa maji ya sabuni, subiri dakika 10, kisha suuza kutoka nyuma kuja mbele, ili uchafu utoke njia uliyoingilia. Tumia bomba la kawaida. Ile mashine ya presha ya waosha magari isisogee hapa, na maji yasielekezwe kwenye inveta wala soketi za nyaya za chungwa.

6. Acha pakauke, washa gari, washa AC, tazama feni. Zote zinapaswa kuzunguka baada ya muda mfupi. Feni isiyozunguka, angalia fyuzi na relei yake kabla ya kununua mota.

Utajua umefaulu ukiweka kipande cha karatasi nyepesi mbele ya kondensa, feni zikizunguka, na karatasi ikavutwa na kushikiliwa sehemu zote za uso wake. Sehemu inayoiachia karatasi bado imeziba.

Kwa gari la pembezoni mwa ziwa, rudia usafi huu kila baada ya miezi mitatu.

## Hatua ya 5: Hewa ya betri kubwa

Betri kubwa ya Prius na Aqua inapoozwa na hewa ya ndani ya gari. Feni yake inavuta hewa hiyo kupitia tundu lililo pembeni au chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo watu wanaweka mizigo, nguo na mifuko ya dagaa. Tundu likiziba, betri inapata joto na gari linabana matumizi, pamoja na AC. Na AC ikipungua, hewa inayokwenda kupooza betri nayo inakuwa ya joto, kwa hiyo kila kimoja kinamuumiza mwenzake.

Ondoa vitu, toa wavu wa tundu, safisha kwa brashi na kifyonza vumbi. Skana ikionyesha joto la betri linashuka AC ikiwa imewashwa, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 6: Geji

Kama hujawahi kufunga geji, mwachie fundi, lakini simama pembeni na umwombe akusomee namba.

Kabla ya kuwasha gari, likiwa limepoa kwenye kivuli, geji zote mbili zinapaswa kulingana. Kwa R-134a, hapa kwetu utasoma karibu PSI 84 kukiwa na nyuzijoto 25 na karibu PSI 98 kukiwa na nyuzijoto 30. Ikiwa chini sana ya hapo, gesi imevuja. Ikilingana, unajua tu kwamba gesi ipo; haikuambii ni kiasi gani, kwa sababu presha inabaki ile ile maadamu kuna tone la gesi ya majimaji ndani. Fundi anayesema "gesi ipo full" kwa kutazama geji ya gari lililozimwa amekosea. Presha ikishuka chini ya PSI 28 hivi, kompyuta haitaruhusu kompresa kuzunguka kabisa.

Sasa washa, baridi ya mwisho, hewa ya kuzunguka ndani, milango wazi, na subiri dakika 10. Upande wa chini usome kati ya PSI 22 na 36, na upande wa juu karibu PSI 200 hadi 230 kwenye joto la mchana. Asubuhi yenye ubaridi upande wa juu utakuwa chini kidogo, na hilo ni sawa.

Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu, nenda kwenye uvujaji. Zote zikiwa juu, rudi kwenye kondensa na feni. Kama hizo ni safi, gesi imezidishwa au kuna hewa ndani. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa inazunguka bila kusukuma. Upande wa chini ukizama hadi chini ya sifuri, kuna kizuizi, mara nyingi valvu ya kupanua gesi au unyevu ulioganda ndani yake.

Kutafuta uvujaji, paka maji mazito ya sabuni kwenye viungo vyote, kwenye valvu za kujazia, na kwenye uso wa kondensa. Alama ya mafuta yenye vumbi iliyokauka kwenye kiungo ni ushahidi mzuri kuliko povu, kwa kuwa oili hutoka pamoja na gesi. Kondensa zinatobolewa na kokoto za barabara za changarawe, hivyo itazame pezi kwa pezi. Usikubali dawa ya kuziba matundu ndani ya mfumo wa haibridi, na usikubali kamwe gesi ya kupikia. Ile inawaka, na evaporeta iko ndani ya chumba unachokaa na watoto.

## Hatua ya 7: Oili, mahali haibridi nyingi zinapouawa

Mota ya kompresa ya umeme imezama ndani ya gesi na oili ya mfumo wenyewe. Oili hiyo, pamoja na kulainisha, inatakiwa isipitishe umeme. Toyota hizi zinatumia oili aina ya POE, inayoandikwa ND-OIL 11. Magari ya kawaida yanatumia PAG, ambayo inapitisha umeme zaidi. Kiasi kidogo cha PAG kikiingia, umeme unaanza kuvujia kwenye bodi, taa ya onyo inawaka, na skana inaandika P0AA6 na ile 611.

PAG inaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni chupa. Ya pili ni mkebe wa gesi uliochanganywa na oili kiwandani, na mikebe mingi ya namna hiyo ina PAG. Ya tatu, isiyoonekana, ni mipira ya geji na mashine ya kujazia iliyotoka kuhudumia gari la kawaida. Ndiyo maana nilitaka mipira ya peke yake.

Kabla ya fundi kufungua valvu, muulize: "Oili utakayotumia imeandikwaje?" Akikujibu kwamba oili zote ni sawa, mshukuru na uondoke. Soma kibandiko kilicho kwenye kompresa au chini ya boneti, kwa kuwa kampuni nyingine zina oili zao. Chupa iwe haijafunguliwa, kwa sababu POE inavuta unyevu wa hewani haraka, na hewa ya ziwani ina unyevu wa kutosha.

## Hatua ya 8: Kuvuta vakyumu na kujaza kwa uzito

Baada ya kurekebisha uvujaji, pampu ya vakyumu ifanye kazi angalau dakika 30 ili kutoa hewa na unyevu. Hapa kuna jambo linalowachanganya mafundi wa kwetu. Video za mafunzo zinasema geji ifike inchi 29 au 30 chini ya sifuri. Mwanza iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo geji nzima na pampu nzima vitaishia karibu inchi 26. Nimeona fundi akifungua viungo vizima kutafuta uvujaji usiokuwepo kwa sababu ya inchi hizo tatu. Unachotakiwa kutazama ni kama sindano inatulia pampu ikizimwa. Ikikaa dakika 20 bila kurudi, mfumo umeshika.

Jaza kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Usijaze kwa kutazama geji wala kwa kugusa bomba. Mifumo hii inachukua gesi kidogo, na gramu 50 za kuzidi zinatosha kupandisha presha na kupunguza baridi.

## Hatua ya 9: Jaribio

Ingiza kipimajoto kwenye tundu la katikati, funga vioo, baridi ya mwisho, hewa ya ndani. Nje kukiwa na nyuzijoto 28 hivi, baada ya dakika 10 tundu linapaswa kusoma kati ya 5 na 10. Chini ya gari upande wa abiria maji yaanze kudondoka. Hayo ni unyevu wa hewa uliokamatwa na evaporeta, na ni dalili njema.

Kisha peleka gari kwenye mazingira yale yale uliyoyaandika kwenye hatua ya 1. Kama lilikuwa likikataa kwenye foleni ya Mabatini, likajaribiwe kwenye foleni ya Mabatini saa ile ile, na kama lilikataa likipanda mlima wa Bugando, lipande. Tazama kipimajoto, vijiti vya betri, na kasi mbili za kompresa kwenye skana.

Andika namba zote kwenye daftari, pamoja na tarehe, saa na joto la nje. Baada ya siku saba rudia kipimo hicho saa hiyo hiyo. Namba zikiwa zile zile, kazi imekwisha. Baridi ikiwa imepungua kwa nyuzi tatu au zaidi, kuna uvujaji mdogo uliobaki, na sasa una tarehe mbili na vipimo viwili vya kumpa fundi badala ya kumwambia AC haifanyi kazi.